Boti mbili za uokoaji: ya mawimbi na ya mbio

Walinzi wa Pwani wa Marekani wana aina mbili za boti ambazo, zikiwa zimefungwa gatini, utadhani ni ndugu: ya futi 47 na ya futi 45. Zote ni za alumini, zote huchukua mabaharia wanne. Tofauti huonekana bahari ikichafuka.

Ya futi 47 iliundwa kwa ajili ya mawimbi yanayovunjika, na hayo ndiyo hatari hasa. Huhimili mawimbi ya futi 30 bahari kuu na futi 20 karibu na ufuko. Ikipinduliwa, hujigeuza na kusimama wima ndani ya sekunde 10 hivi, injini zikiendelea kunguruma. Kwa hiyo mabaharia huvaa kofia ngumu na kujifunga botini kwa mikanda yenye kulabu. Asiyejifunga hubaki majini boti ikijigeuza. Kasoro yake ni mwendo: kilomita 46 kwa saa, basi.

Ya futi 45 hupita kilomita 70 kwa saa. Haina propela, hufyonza maji na kuyarusha nyuma kwa nguvu, hivyo humsogelea anayezama bila hofu ya kumkata. Nayo hujiinua ikipinduka. Lakini kwenye mapovu mazito hufyonza hewa na kuishiwa nguvu, na kikomo chake ni mawimbi ya futi 12.

Kwa ajali za ghuba, ningechagua hii ya mbio. Kwenye mlango wa mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, penye mawimbi makubwa yanayovunjika na ambako mabaharia hufundishwa kuendesha ile ya futi 47, nisingeipanda hii ya mbio.