Uhakiki wa kijitabu cha majina ya mabinti: Asumini, Zaituni na wenzao

Mimba ya mke wangu ilipofikia mwezi wa nane, nilinunua katika duka la vitabu la hapa Tanga kijitabu cha kurasa 64 kilichokusanya majina ya kike ya zamani yaliyotokana na maua, miti, ndege, vito na nyota. Bei yake ilikuwa shilingi 6,000. Tulikisoma kwa wiki tano, tukajaza maandishi ya penseli pembezoni mwa kurasa, na jina la binti yetu tukalipata humo.

Swali ambalo kijitabu hiki kinajaribu kulijibu ni lile lile linalowasumbua wazazi wengi wa rika letu: je, majina waliyoitwa bibi zetu yanamfaa mtoto anayezaliwa leo? Mimi naamini yanamfaa sana, ila mzazi hana budi akijue kitu chenyewe kilicholizaa jina, na hapo ndipo kijitabu kinapopungukiwa.

Chukua Asumini. Maelezo yake ni maneno manne tu: ua jeupe lenye kunukia. Mama mkwe wangu alipopata habari kwamba tunalifikiria jina hilo, alikuja jioni na asumini alizozichuma zingali zimefumba, akakaa barazani, akazitunga kwa uzi pamoja na majani ya mrehani na kipande cha mkadi, akafanya kikuba na kumpachika mke wangu nyweleni. Usiku zile asumini zilifunguka, na kulipokucha mto ulikuwa bado unanukia. Tangu hapo hatukuliona tena Asumini kuwa jina la wazee. Laiti mwandishi angetenga nusu ukurasa tu kueleza kikuba ni nini na huvaliwa lini, kijana aliyekulia mbali na pwani angeelewa kwa nini mabibi walipewa jina hilo.

Upungufu huo ninaweza kuuvumilia, lakini yapo makosa mawili ambayo yanaweza kumfuata mtoto maisha yake yote. La kwanza ni Rehani, ambalo kijitabu kinalisifu kwa kuwa ni jina la jani linukialo, jambo ambalo ni kweli, bila kumtahadharisha mzazi kwamba neno hilo hilo kwa Kiswahili ni dhamana ya mkopo. Binti ataitwa hivyo darasani siku watakapofundishwa maana ya kuweka nyumba rehani, na ndiyo sababu wengi huchagua kuandika Rehana. La pili ni kuchanganya Zuhura na Zahara na kuyapa yote mawili maana ya ua. Zahara ndilo la ua. Zuhura ni ile sayari ing'aayo magharibi baada ya jua kuzama, au mashariki kabla ya mapambazuko, na mzazi anayempenda binti yake angetaka siku moja kumtoa nje na kumwonyesha jina lake angani. Naongeza kwamba Marijani limewekwa miongoni mwa majina ya kike pekee, ilhali wapenzi wa muziki wa dansi wanamkumbuka Marijani Rajab, aliyekuwa mwanamume.

Sehemu ya majina ya bara ni fupi mno. Akoth, jina la Kijaluo la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, limepewa mstari mmoja, na Wangari, jina la Kikikuyu lihusianalo na chui, limepewa mstari na nusu. Hata Wangari Maathai, mwanamke wa miti aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, hakutajwa. Kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo jina hurudi kizazi baada ya kizazi wala hakuna anayeuliza kama limepitwa na wakati.

Nilichokipenda kwa dhati ni ukurasa wa vifupisho, kwa sababu jina huishi mdomoni mwa watu wa nyumbani kabla ya kuandikwa popote. Zaituni huwa Zai, Zuhura huwa Zuu, na vyote viwili ni vyepesi kwa mtoto wa leo. Nakubaliana pia na msimamo wa mwandishi kwamba anayetaka Asumini aandike Asumini, asikimbilie Jasmine kwa kudhani kwamba ndiyo ya kisasa.

Binti yetu sasa ana miezi mitatu. Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki aliita, “Asumini!” wakainuka watu wawili: mke wangu akiwa amembeba binti yetu, na bibi mmoja aliyemleta mjukuu akadhani anaitwa yeye. Alipoelewa, alimpokea mtoto mikononi akasema, “Kumbe nimepata somo yangu,” akakaa naye mpaka zamu yetu ikaisha.

Kwa shilingi 6,000 ningekinunua tena, na ningemshauri mzazi yeyote akinunue, mradi asome pamoja na mtu mzima wa ukoo na kuyasahihisha kwa penseli maelezo ya Rehani na Zuhura kabla ya kwenda kuomba cheti cha kuzaliwa.