Mombasa hadi London: tiketi ipi ukate

Kutoka Mombasa hadi London ni takriban kilomita 7,240 kwa mstari ulionyooka. Tiketi utakazoonyeshwa karibu zote zinatua mahali kwanza, kwa hiyo unachonunua hasa ni kituo cha njiani na saa za kusubiri.

Ya kwanza kwangu ni kupitia Nairobi, kwa tiketi moja. Hadi Nairobi ni kama saa moja hewani, kisha saa nane na nusu hadi tisa. Jumla haizidi kilomita 7,300, yaani hujazunguka popote. Lakini iwe tiketi moja. Mwaka mmoja nilijifanya mjanja, nikakata kipande cha Nairobi kwa kampuni hii na cha London kwa ile, nikaokoa shilingi elfu sita. Ndege ya asubuhi ikachelewa saa tatu, ya London ikaniacha, na dada wa kaunta akaniambia kwa upole kuwa hilo haliwahusu. Na kweli haliwahusu: tiketi mbili ni mikataba miwili. Ingekuwa moja, wangenitafutia kiti kwenye inayofuata.

Wanaosema wapande treni ya SGR toka Miritini hadi Nairobi waokoe zaidi, sawa, ila lala Nairobi usiku mmoja.

Ya pili ni Addis Ababa: saa mbili na kitu, halafu kama nane. Umbali unazidi ule wa Nairobi kwa kilomita mia hivi tu. Beba sweta mkononi. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na usiku mtu wa pwani huumbuka.

Istanbul ya tatu. Kipande cha kwanza ni kirefu, cha pili saa nne hivi, kwa hiyo yafaa anayetaka kulala mfululizo. Uliza kwanza kama ndege inatua kwingine kabla.

Dubai naiweka mwisho: zaidi ya kilomita 9,100, unakwenda mashariki kisha unarudi magharibi. Labda kama una dhahabu ya kununua sokoni Deira, hapo hapo Dubai.

Ukilinganisha, usitoe saa ya kuondoka kwenye ya kufika ukadhani umepata muda wa safari. London iko nyuma yetu saa tatu majira ya baridi, mbili majira ya joto. "Saa saba" za kwenye karatasi huenda ni kumi.

Kisha soma tarehe mara mbili. Mpwa wangu alikuwa na tiketi ya Ijumaa 02:35, yaani saa nane na dakika thelathini na tano usiku. Bibi yake akamwambia, usiku wa Ijumaa ndio huu wa leo Alhamisi, magharibi ishaingia. Akacheka, akasema hiyo hesabu ya kizamani. Ijumaa baada ya isha akafika uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na masanduku mawili na mahamri ya safari.