Kebo ya USB ya vichwa vinane: Kenwood sawa, GM300 tahadhari

Ukiuliza Kariakoo kebo ya kupangia masafa kwenye redio za upepo (za mawasiliano) za gari, zile za zamani, utapewa hii: waya mmoja wa USB, vichwa vinane vya kubadilisha. Kwa Kenwood inafaa. Kwa Motorola GM300 usiilipie kabla ya kuijaribu pale pale dukani.

Anza na chipu iliyo ndani ya kebo. Chomeka kebo kwenye laptopu ya Windows. Ikitokea alama ya njano na kosa namba 10 kwenye Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), mara nyingi ndani kuna chipu ya kuiga ya Prolific, na draiva mpya (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kebo) inaikataa. Draiva ya zamani huiamsha, lakini Windows ikijisasisha unarudi ulikotoka. Ulizia yenye chipu ya FTDI, kampuni nyingine, nayo uijaribu vilevile, maana feki zipo.

GM300 ina ugumu wake. Programu yake ya kupangia ni ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, wa enzi za kompyuta za 386 na 486, na hupima muda kwa kutegemea kasi ya kompyuta. Laptopu ya leo inaikimbiza mno: mawasiliano hukatika katikati ya kuandika kwenye redio, na kumbukumbu ya redio huweza kuvurugika. Ukitumia DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, weka mizunguko (cycles, yaani kasi yake) iwe 3000 hivi, kisha kwenye mipangilio yake elekeza serial1 kwenye namba ya COM (mlango) ambayo Windows imeipa kebo. Njia ya kuaminika bado ni kompyuta kuukuu yenye mlango wa COM wa pini 9 pamoja na kisanduku cha RIB, kinachoshusha volti za mlango huo (RS-232) ziendane na redio. Mwenye GM300 nyingi atafute hicho.

Vichwa vya RJ45 vya Kenwood na GM300 vinafanana kwa macho, ila mpangilio wa pini ni tofauti, na kwenye tundu la maiki kuna pini yenye umeme. Viandike majina kwa kalamu ya wino mzito siku hiyo hiyo.

Redio iwe kwenye betri ya gari ya volti 12, laptopu kwenye betri yake. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, kazi haikatiki. Soma kwanza yaliyomo, hifadhi faili, ndipo uingize masafa ya leseni yako ya TCRA. Usibonyeze kuongea bila antena.

Klipu ya RJ45 ni dhaifu. Ikivunjika, fundi wa mtandao hubana plagi mpya kwa dakika chache, mradi afuate rangi zile zile.