Uzoefu wangu na LibreOffice katika kuhamisha mafaili ya zamani

Kwa kazi ya kufungua mafaili ya programu ambazo leo hazipo sokoni, LibreOffice ndiyo ninayoitegemea, na sijaona programu ya bure inayoishinda. Nimeitumia hapa Unguja kwa barua za WordPerfect 5.1, mafaili ya Microsoft Works, hesabu za Lotus 1-2-3 na orodha za dBase. Ninaipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imepungua kwa sababu programu hii ikikosea haisemi. Faili litafunguka, litapendeza machoni, na hesabu ndani yake inaweza kuwa imeharibika. Asiyekagua atamkabidhi mwenyewe kazi yenye kasoro.

Microsoft Office haikufai sana hapa. Tangu toleo la 2007 Excel haifungui tena mafaili ya Lotus, na Word mpya, kwa mipangilio yake ya usalama, huweza kulikataa faili la Word la mwanzoni mwa miaka ya 1990. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, imejengewa visomaji maalumu vya miundo hiyo: libwpd kwa WordPerfect, libwps kwa Works na Lotus. Ni ya bure na haidai akaunti. Faili la kuisakinisha kwenye Windows lina takriban megabaiti 350, kwa hiyo lipakue mara moja ulihifadhi kwenye flashi. Kompyuta yenye Windows 7 itafute toleo la 25.2 au la nyuma yake, maana kuanzia 25.8 Windows 7 na 8 zimeachwa. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake ila tafsiri haijakamilika, kwa hiyo hapa nataja menyu kwa majina yake ya Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kabla ya programu kuna flopi zenyewe, na kwa hewa yetu ya visiwani hapa ndipo kazi nyingi hufia. Telezesha kile kifuniko cha chuma, zungusha kitovu kwa kidole, utazame utando wa ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe kama unga, hiyo ni kuvu. Usiitie flopi hiyo kwenye mashine: kichwa cha kusomea kitaisambaza kuvu, kitaukwaruza utando, na flopi safi itakayofuata itaharibiwa na uchafu uleule. Chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa taratibu huku unazungusha, pande zote mbili, kisha iache ikauke kabisa. Kisomaji cha flopi cha USB husoma za inchi 3.5 tu.

Kunakili kwa kuburuta mafaili ndani ya Windows hukwama kwenye sekta mbovu ya kwanza. Mimi hutumia Linux na amri hii, baada ya kuhakikisha kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwamba sdb ndiyo flopi kweli:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb flopi01.img flopi01.map

Picha kamili, yaani nakala ya flopi nzima ndani ya faili moja, hapa flopi01.img, kwa flopi ya megabaiti 1.44 ina baiti 1,474,560 barabara. Ikiwa pungufu, haijakamilika. Kisha toa mafaili yote, yaweke kwenye folda inayoitwa asili, uifanye ya kusomwa tu. Usihifadhi chochote humo tena.

Jambo la pili ni kulitambua faili, kwa sababu jina linadanganya. Herufi .wks zilitumiwa na Lotus ya mwanzo na pia na jedwali la Works. Herufi .wps ni za Works, lakini leo ni za WPS Office pia, ile iliyojaa kwenye simu zetu, na mafaili hayo mawili hayana undugu wowote. Watu wa WordPerfect 5.1 mara nyingi hawakuweka herufi za mwisho kabisa: utakuta faili linaitwa BARUA tu, au BARUA.93. Basi lifungue kwa Notepad, tazama herufi za mwanzo, ulifunge bila kuhifadhi. Likianza na ÿWPC ni WordPerfect. ÐÏ ni familia ya Office kuanzia Word 6 hadi 2003, na baadhi ya Works. {\rtf ni RTF. PK ni muundo mpya wa zipu kama docx. Ukishajua, tengeneza nakala kwenye folda nyingine, tuseme nakala, ipe herufi zinazostahiki, .wpd kwa mfano, ndipo uifungue kwa LibreOffice.

WordPerfect hufunguka vizuri kuliko nilivyotarajia. Maandishi, tanbihi, vichwa vya kurasa na herufi nzito hubaki. Kinachoharibika ni safu: majina upande huu, fedha upande ule, vilivyopangwa kwa kubonyeza nafasi tupu. WordPerfect ya DOS ilipanga ukurasa kwa kufuata fonti ya printa iliyokuwepo, aghalabu Courier, ambayo kila herufi ina upana sawa. Ukileta fonti ambayo i ni nyembamba na m ni nene, safu zinapinda. Usianze kuongeza nafasi kwa mkono. Chagua sehemu hiyo, ipe fonti ya Liberation Mono ukubwa wa 10, na safu zitarudi mahali pake. Barua za kawaida ziache kwenye Liberation Serif, ambayo vipimo vyake vinalingana na Times New Roman, hivyo kurasa hazihami. Barua zilizounganishwa na orodha ya anwani hupoteza muungano huo, na makro, yaani amri zilizorekodiwa ndani ya faili, hazifanyi kazi. Hayo yakubali tu.

Mafaili ya Kiarabu yanastahili maneno zaidi, kwa sababu hapa kwetu yapo mengi: masomo ya chuo, mirathi, dua, hotuba za Ijumaa. Faili la maandishi matupu la zama za Windows 95 na 98 ukilifungua vivi hivi, salamu itakutokea hivi: ÇáÓáÇã Úáíßã. Watu wengi hapo husema faili limeoza, wakalifuta. Halijaoza hata kidogo. Hiyo ni السلام عليكم iliyoandikwa kwa jedwali la herufi la Windows-1256 na kusomwa kwa jedwali la Ulaya Magharibi. Katika dirisha la kufungulia, kwenye aina ya faili chagua Text - Choose Encoding, na kwenye dirisha linalofuata chagua Arabic (Windows-1256). Yakitoka Kiarabu lakini maneno hayana maana, faili ni la DOS: jaribu majedwali mengine ya Kiarabu yaliyomo kwenye orodha hiyo. Likikaa sawa, geuza mwelekeo wa aya uwe kulia kwenda kushoto, weka fonti ya Amiri, uhifadhi. Ukihifadhi likiwa bado limevurugika, umeyafanya matatizo kuwa mawili, na hapo ndipo utaishukuru ile folda ya asili.

Sasa hesabu. Lotus ya .wk1 hufunguka moja kwa moja katika Calc, sehemu ya LibreOffice ya majedwali ya hesabu, na kanuni kama @SUM(B2..B40) hugeuka kuwa =SUM(B2:B40). Bonyeza Ctrl+Shift+F9 ili kila kanuni ihesabiwe upya, usiamini namba zilizokuja na faili. Makro za Lotus zilizoandikwa ndani ya seli hubaki kama maandishi tu.

dBase inataka macho makali zaidi. Calc ikifungua .dbf huuliza jedwali la herufi. Kwa maandishi ya Kiswahili hata ukikosea huoni tofauti, maana herufi zetu hazina vipambo, ila alama ya pauni itageuka kitu kingine. Chagua Western Europe (DOS/OS2-850/International). Kisha utaona vichwa vya safu vya ajabu kidogo: SHEHIA,C,25 halafu PISHI,N,8,2. Hiyo si hitilafu. Inakwambia safu ya shehia ni ya maandishi yenye nafasi 25, na safu ya pishi za karafuu ni ya namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta. Viandike mahali kabla ya kuvisafisha, vitakufaa ukitakiwa kulirudisha faili kwenye dBase. Kama kuna faili la .dbt lenye jina lilelile, liandamane na .dbf folda moja, ndani yake mna maelezo marefu ya kila mstari.

Miaka ya tarakimu mbili ni mtego mbaya. Safu ya tarehe yenyewe, ile yenye D, ni salama kwa sababu dBase iliandika mwaka mzima. Lakini makarani wengi waliandika tarehe kwenye safu ya maandishi: 12/05/28. Ukiigeuza kuwa tarehe, Calc kwa kawaida yake husoma mwaka wa tarakimu mbili kuwa kati ya 1930 na 2029, na mzee aliyezaliwa 1928 anakuwa mtoto wa 2028. Nenda Tools, Options, LibreOffice, General, urudishe nyuma mwanzo wa kipindi hicho, tuseme 1910, kabla ya kugeuza. Badiliko hilo halina athari kwa seli ambazo tayari zimeshageuka.

Usipitishe kazi kwenye CSV, yaani jedwali la maandishi matupu lililotenganishwa kwa mkato, bila sababu. Ukilifungua tena, namba za simu za 024 hupoteza sifuri ya mwanzo, na haitarudi yenyewe. Wala usihifadhi kwa .xls: inaishia mistari 65,536. Tumia .ods au .xlsx.

Ukaguzi ninaoufanya ni wa namba tatu: idadi ya mistari, jumla ya kila safu ya namba, na mstari wa mwisho kabisa neno kwa neno. Namba hizo huzitoa kwenye karatasi iliyochapwa zamani, nayo mara nyingi ipo kabatini, imefungwa uzi. Jumla ikipishana hata kwa pishi moja, tafuta kwanza seli zenye namba iliyoandikwa kama maandishi. Zinajitambulisha kwa kulalia kushoto, na SUM huziruka kimya kimya.

Mafaili yakiwa mengi, usifungue moja moja. Funga LibreOffice kabisa, fungua dirisha la amri, uandike:

cd /d D:\kazi\nakala
for %f in (*.wpd) do "C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.com" --headless --convert-to odt --outdir D:\kazi\mpya-wpd "%f"

Andika soffice.com, si soffice.exe. Ya pili haisubiri faili liishe, inaruka kwenye linalofuata na kazi inagongana. Ukiiweka amri hii ndani ya faili la .bat, %f iwe %%f. Kama LibreOffice imebaki wazi mahali, amri huweza kumalizika bila kutoa kitu na bila kulalamika. Hatari kubwa kuliko zote ni majina: barua.doc na barua.wpd zote huwa barua.odt, na ya pili huifuta ya kwanza bila kuuliza. Ndiyo maana kila aina naipa folda yake ya kutokea. Mwisho hesabu mafaili ya pande zote mbili. Lililoshindikana hurukwa tu. Umeme ukikatika katikati hakuna kilichopotea, kwa sababu asili haikuguswa, unarudia amri. Ile kazi ya Document Converter iliyomo chini ya File, Wizards, ni nyepesi kwa asiyependa amri, lakini hushughulikia mafaili ya Microsoft pekee na hutoa muundo wa OpenDocument tu.

Matokeo nayahifadhi mara mbili: odt au docx kwa atakayetaka kuhariri, na PDF kwa ajili ya kumbukumbu, huku nimechagua PDF/A kwenye dirisha la kusafirishia ili fonti ziingie ndani ya faili. Mafaili ya Word ya miaka ya 1990 huweza kubeba pia virusi vya makro, kama Concept cha 1995 na Melissa cha 1999. Muundo wa docx haubebi makro, kwa hiyo kuhamishia humo kwenyewe kunasafisha. Tovuti za kugeuza mafaili sizitumii kwa orodha za mishahara, hati za ndoa wala mirathi. Faili likishapanda huko huna tena amri nalo.

Kuna mahali LibreOffice inakwama. Hifadhidata ya Works, .wdb, huja kama jedwali tu, zile fomu za kujazia hazimo. Publisher hufunguka katika Draw, sehemu ya LibreOffice ya michoro, na kwa kazi hiyo mimi hutoa PDF nikaishia hapo. WordStar haisomi. Na .mdb ya Access 97 usiisumbue nayo: hata Access ya 2013 na zinazofuata zinaikataa. Tafuta mashine yenye Access 2010, ifungue humo, uigeuze kuwa .accdb, au kwenye Linux tumia mdbtools, utoe kila jedwali kwa amri ya mdb-export. Hiyo hutoa CSV, kwa hiyo ukiileta Calc, kwenye dirisha la kuingizia zipe safu za simu aina ya Text kabla ya kubonyeza OK.