Santuri ya Guys and Dolls (1950): tafuta ya mono

Ukiikuta santuri ya Guys and Dolls, mchezo wa jukwaani wa Marekani wenye nyimbo, pale Kenyatta Market, Nairobi, soma kwanza majina ya waimbaji. Unayoitaka ni ya kampuni ya Decca, yenye Robert Alda, Vivian Blaine, Sam Levene na Isabel Bigley, waigizaji waliouzindua mchezo huo New York tarehe 24 Novemba 1950. Ukiona Marlon Brando na Frank Sinatra, hizo ni nyimbo za filamu ya 1955, na filamu iliacha nyimbo kadhaa za jukwaani, mojawapo "My Time of Day", ambayo kwangu ndiyo tungo bora ya Frank Loesser, mtunzi wa nyimbo hizi.

Kisha tazama kama jalada limeandikwa "stereo". Ikiwa hivyo, iache. Rekodi yenyewe ni ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo, na santuri za stereo zilianza kuuzwa 1958. Nakala za "stereo" za rekodi hii zilichakatwa baadaye, na sauti za waimbaji zimepoteza ukaribu.

Ukaribu ndio kila kitu hapa, kwa sababu Loesser alimtungia kila mhusika kulingana na koo lake. Levene alikuwa mwigizaji hodari asiyejua kuimba, basi katika "Sue Me" sehemu yake ni fupi na nyepesi, huku Blaine akibeba muziki wenyewe. "Adelaide's Lament" ni funzo kamili la utunzi: mwanamke aliyechumbiwa miaka 14 bila kuolewa anasoma kitabu cha udaktari, maneno mazito ya kitaalamu yanamiminika, halafu anayafasiri kwa lugha yake ya mtaani, tena puani, maana mafua hayamwishi. "Fugue for Tinhorns" huanza kwa tarumbeta ya kuita farasi, kisha wacheza kamari watatu wanapokezana wimbo uleule, kila mmoja akimsifia farasi wake. Mwenye kwenda Ngong Racecourse atawatambua mara moja.

Upungufu upo: muziki wa kucheza dansi haumo, na hadithi haielezwi. Isome kabla ya kusikiliza.

Kabla ya kulipa, inamishe santuri kwenye mwanga. Mifereji ikiwa ya kijivu, ililiwa na sindano nzito na hakuna dawa. Vumbi tu huoshwa: maji ya betri yasiyo na asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mifereji, kisha suuza kwa maji yaleyale. Lebo isilowe.

Icheze kwa kasi ya 33⅓ na sindano ya LP, yaani ya santuri za kasi hiyo; ile ya santuri za zamani za kasi ya 78 ni nene na itaiharibu. Amplifaya ikiwa na kitufe cha mono, kibonyeze. Mfereji wa mono huisogeza sindano kushoto na kulia tu, hivyo mtikisiko wa juu na chini ni kelele za vumbi na mikwaruzo, na kitufe hicho huzipunguza sana.

Ukishaipenda, mtafute Loesser wa 1956 katika The Most Happy Fella, si wa 1961, ingawa mchezo wake wa mwaka huo, How to Succeed in Business Without Really Trying, ndio uliompa tuzo ya Pulitzer. Kampuni ya Columbia iliirekodi The Most Happy Fella karibu yote kwenye santuri 3 ndani ya boksi moja. Pia ipo ya santuri moja yenye nyimbo teule, kwa hiyo fungua boksi uzihesabu zote tatu.