Kuskani umbo kwa mwanga: mistari ya Gray au mawimbi matatu?

Mbinu hizi mbili za kupima umbo la kitu zinahitaji projekta na kamera: projekta inamulika ruwaza, kamera inaona umbo linavyoipinda, na hesabu ya pembetatu inatoa kina.

Msimbo wa Gray, wenye jina la Frank Gray wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, hutumia mistari myeupe na myeusi. Ruwaza 10 zinatosha kutofautisha safu 1,024 za projekta. Kila safu hupata msimbo wake wa biti 10, yaani nyeupe au nyeusi katika kila ruwaza. Misimbo ya safu jirani hutofautiana kwa biti moja tu, hivyo kosa la kusoma ukingoni hubaki dogo. Kwa chungu au sanamu iliyotulia mezani, nauamini kabisa.

Lakini uso wa mtu? Mtu hupumua, hupepesa macho. Kwa picha 60 kwa sekunde, ruwaza 10 zinakula sehemu ya sita ya sekunde. Mawimbi matatu ya mwanga, yaani ruwaza tatu zinazong'aa na kufifia taratibu, yaliyopishana kwa nyuzi 120 (theluthi ya wimbi), yanamaliza katika sehemu ya ishirini, na kila pikseli inapata fezi yake, yaani mahali pake ndani ya wimbi. Hapa ningechagua mawimbi bila kusita.

Shida ni kwamba fezi hujirudia kila wimbi. Pale kina kinapobadilika ghafla, programu inaweza kuipa pikseli wimbi lisilo lake, na sehemu ya umbo ikaruka mahali pake. Kwa kipuri chenye mashimo na kingo kali, narudi kwa Gray.