Dawa ya kijani ya madoa meupe, uzoefu wangu: imeponya, ila raundi ya pili

Habari zenu wafugaji wa samaki wa mapambo. Mimi nipo Kigoma, Mwanga, tangi langu la lita 80, nafuga moli na plati. Mwezi uliopita niliagiza samaki sita toka Dar wakaja na basi kwenye mifuko ya oksijeni, walifika wazima kabisa nikawaachia moja kwa moja kwa wenzao. Nilikosea sana hapo.

Siku ya nne moli mweusi mmoja akaanza kujikuna kwenye jiwe, anapiga ubavu, anazunguka, anapiga tena. Nikammulika kwa tochi ya simu toka pembeni, mkiani kuna vidoa vitatu vyeupe vimetuna, utasema chembe za chumvi. Ukiona manyoya kama pamba ujue ni fangasi, na vumbi la njano ni ugonjwa mwingine, haya madoa meupe yanahesabika moja moja. Kesho yake saba walikuwa nayo na wanahema harakaharaka.

Nikaagiza kichupa cha dawa ya kijani, ile ya malakaiti grini na formalini, elfu 15 bila nauli ya basi. Muuzaji akaniambia tia mara moja tu inatosha. Nikatia, siku ya tatu madoa yakaisha, nikafurahi nikaacha. Baada ya siku tano yakarudi mara mbili yake na nikapoteza wanne, akiwemo yule mweusi, iliniuma kwelikweli.

Ndo nikakaa chini nikasoma. Kumbe mdudu anayeleta haya madoa anajichimbia ndani ya ngozi ya samaki anakula humohumo na dawa haimfikii, akishiba anadondoka kwenye kokoto anajifungia kwenye ganda anajigawa anatoa watoto mamia, na ni hao watoto wakiwa wanaogelea kutafuta samaki ndo dawa inawaua. Yaani madoa yakipotea hujapona, wamehama tu wako chini wanazaliana! Na maji yakiwa ya baridi mzunguko wote unaweza kuchukua mwezi na zaidi, yakiwa nyuzi 25 hivi haufiki hata wiki au unagusa tu wiki.

Lebo ilikuwa ya Kichina, nikaipiga picha simu ikatafsiri: tia kila baada ya siku moja, punguza robo ya maji kabla ya kutia, toa mkaa kwenye filta. Mkaa wangu ulikuwemo muda wote, unainyonya dawa yote, na muuzaji hakusema neno!

Raundi ya pili nikatoa mkaa, hita nikaipandisha polepole toka 26 hadi 29, nikaongeza pampu ya hewa maana maji ya moto yanashika hewa kidogo. Nikayeyusha pia gramu 160 za chumvi ya Uvinza kwenye jagi nikamimina kwa awamu tatu, moli wanaipenda chumvi ila kambare wa tangini na mimea mingi haiwezi. Siku moja umeme ukakatika jioni nikakaa naandaa maji ya uvuguvugu kwenye chupa naziegemeza pembeni ya tangi mpaka saa sita usiku. Siku ya sita doa la mwisho likapotea, nikaendelea mpaka ya kumi na mbili. Hajafa hata mmoja tena.

Kasoro: inatia rangi vidole na silikoni ya tangi, yangu imebaki na ukijani mpaka leo, vaa glavu na usiache watoto waishike. Na wenye mabwawa ya sato mnaoniuliza inboksi, msiitie kabisa, Ulaya na Marekani haikubaliki kwa samaki wa kuliwa sababu inabaki kwenye nyama.

Naipa nyota nne. Safari ijayo wageni watakaa wiki tatu kwenye ndoo yao na pampu yao, ndo waingie tangini.